Taka za Wodini Zinaishia Wapi

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa mgonjwa hata mmoja. Sare nilikuwa nimeifua tangu juzi yake, nimeipiga pasi ya mkaa mpaka ikasimama yenyewe, na viatu vyeupe nimevipaka chaki. Sista mkuu wa wodi ya upasuaji, Mama Tausi, aliitikia shikamoo yangu, akanitazama kuanzia kofia hadi viatu, kisha akanikabidhi ndoo yenye mfuniko na glavu nene za bustani.

"Unaitwa nani?"

"Nyamizi, Sista."

"Nyamizi, ndoo hii ndiyo taka za wodi yangu za tangu asubuhi. Ifuate mpaka mwisho wake. Ukirudi uniambie umeona nini."

Nilidhani ananifanyia utani wa kumkaribisha mgeni. Lakini Mama Tausi hakuwa mtu wa utani saa za kazi, kwa hiyo nilikwenda. Nilipita nyuma ya jiko, nikapita kamba za kuanikia mashuka, nikafika kwenye kichomea taka cha matofali chenye bomba fupi linalotoa moshi mweusi usawa wa macho. Nyuma yake kulikuwa na shimo. Ndani ya shimo niliona bandeji zilizoungua nusu, chupa za dripu zilizoyeyuka na kushikana, na vipande vya vioo vikimetameta kwenye majivu. Ukingo wa shimo upande wa chini ulikuwa umebomoka, na hatua chache kutoka hapo ilipita njia ya wanawake wanaokwenda kwenye majaruba yao ya mpunga.

Nilirudi viatu vikiwa vyeusi.

"Umeona nini?"

"Shimo, Sista."

"Na baada ya shimo?"

"Njia ya watu."

"Haya. Sasa vaa aproni uanze kazi."

Vijana wa idara yetu mliniomba, nilipostaafu mwaka huu, niwaandikie kidogo kuhusu miaka yangu wodini na baadaye chuoni, hapa hapa Tabora, nikifundisha uuguzi na ukunga. Vyeo nilivyopata na nilivyokosa nimeviacha, havitawasaidia kitu. Nitawaandikia kuhusu jambo moja ambalo wengi wenu mlinicheka nalo mkidhani sisikii. Mliniita Mama Shimo. Nilisikia.

Mama Tausi alikuwa mtu wa mjini, ukoo wa mafundi cherehani waliokaa Tabora tangu enzi ambazo hakuna aliye hai anayezikumbuka. Kiswahili chake kilikuwa safi, na akikasirika hakupaza sauti, aliishusha. Ukimsikia ananong'ona ujue umeharibu. Alitufundisha kufungua pakiti moja ya pamba kwa wakati, kwa sababu pamba iliyofunguliwa bila mgonjwa ni taka kabla haijafanya kazi. Alitufundisha kukusanya vyombo vyote vya kuchemsha na kuvichemsha kwa pamoja. Umeme ulipokatika tulichemshia mkaa, na yeye alijua mkaa ule unatoka wapi. "Ukichemsha mkasi mmoja peke yake," alisema, "umekata mti kwa ajili ya mkasi mmoja." Wakati huo misitu ya miyombo ilikuwa bado inaonekana ukitoka tu nje ya mji. Leo inabidi usafiri kwenda kuitazama.

Kulikuwa pia na vipimajoto vya zebaki. Siku moja mwenzangu alivunja kimoja, na sisi wanafunzi tukaanza kuvikimbiza vile vitone vya fedha sakafuni kwa vidole, tunacheka. Mama Tausi alinong'ona. Alitutoa wote nje, akafungua madirisha, akavaa glavu, akavikusanya vitone kwa kadi mbili ngumu mpaka cha mwisho, akavifungia kwenye chupa yenye maji. Baadaye alitueleza kwamba zebaki ikifagiliwa na kutupwa haiendi popote. Inaingia majini, inaingia kwenye samaki, inarudi kwa mtu. Hakuna kitabu tulichokuwa nacho kilichosema hivyo. Nilipomuuliza amelijua wapi, alisema alimuuliza daktari mmoja, na daktari alipokuwa hajui, Mama Tausi ndiye aliyemwambia aende akaulize. Ndivyo alivyokuwa.

Nilipohamishiwa chuoni kufundisha, nilikuta afya ya mazingira imewekwa kipindi cha mwisho siku ya Ijumaa. Nusu ya darasa walikuwa wamekwenda msikitini, nusu iliyobaki walikuwa wamekuja kulala. Walichotakiwa kujua ni rangi za ndoo. Ndoo nyeusi kwa taka za kawaida, njano kwa taka zenye maambukizi, nyekundu kwa zile za hatari zaidi, na sanduku la usalama kwa vitu vyenye ncha kali. Waliimba kama mashairi ya chekechea. Ukimwamsha mwanafunzi yeyote usingizini atakutajia rangi zote bila kukosea. Ukienda naye wodini utamkuta ametupa sindano kwenye ndoo iliyo karibu na mkono wake.

Niliwaambia wakuu wa chuo kwamba somo hili lifundishwe kwa mikono, na lipimwe kwa mikono. Nikajibiwa kwamba ratiba imejaa. Mwaka uliofuata nikaomba tena, ratiba ikawa imejaa tena. Niliendelea kuomba kila mwaka, na nafikiri mkuu wa chuo alikuwa akiniona kwenye korido anakumbuka ana simu ya kupiga.

Kilichobadilisha mambo kilitokea kwenye zahanati moja ya Uyui, mbele ya Isikizya yalipo makao ya wilaya. Kijiji sitakitaja, wala sina nia ya kumlaumu mtu. Kimekaa kwenye njia ya zamani ya misafara, na wenyeji wanasema wapagazi walipumzika hapo kwa sababu ya kisima kilichoko bondeni, ambacho hakikauki hata kiangazi kikali. Kijiji kipo kwa sababu ya maji yale. Nilikuwa nimepeleka kundi la wanafunzi kwa mafunzo ya ukunga vijijini, nami nimepanga chumba kwa mama mmoja jirani na zahanati ili niwasimamie.

Masika ya mwaka ule yalikuwa makali. Shimo la taka la zahanati lilikuwa limechimbwa mgongoni mwa mteremko, halina kingo wala paa. Mvua ilipopiga siku mbili mfululizo, shimo lilijaa, likafurika, na kila kilichokuwa ndani kikateremka bondeni.

Asubuhi ya siku ya tatu tulikuwa tunapima wajawazito. Akaingia mwanamke wa makamo, anachechemea, kanga yake imelowa mpaka magotini. Alikuwa Mama Milembe, mjumbe wa kamati ya zahanati, mwanamke aliyezoea kuwahimiza wenzake waje kujifungulia kwetu. Nikamsalimu kwa desturi ya pale.

"Mwangaluka, mama."

Hakuitikia. Alifungua pindo la kanga, akatoa kitu, akakiweka juu ya meza katikati ya kadi za kliniki. Ilikuwa sindano, na bomba lake bado lina tope.

"Nimekwenda kuchota maji," alisema. "Hii ilikuwa kwenye tope la kisimani. Ilikuwa mguuni kwangu. Nimeing'oa mwenyewe. Ni ya nani?"

Wajawazito kwenye benchi walikuwa wanatazama sindano ile, kisha wakatutazama sisi.

"Nauliza, ni ya nani?"

"Ni yetu, mama," nilisema.

Tulimwosha mguu kwa maji yanayotiririka na sabuni, tukamweleza hatari zote bila kumficha, tukampima, tukamwanzishia dawa za kinga dhidi ya Ukimwi siku ile ile. Nilimweleza kwamba kipimo cha siku ile hakitoshi, atapimwa tena, na tena, na tutasubiri miezi kabla ya kuwa na uhakika. Alinisikiliza akiwa ameinamisha uso. Halafu akainua uso, akauliza.

"Na huko kisimani kuna nyingine ngapi?"

Kesho yake hakuna mjamzito aliyekuja. Kesho kutwa vilevile. Mwenyekiti wa kijiji alikuja kutuambia, kwa upole na bila kukaa, kwamba wanawake wamekubaliana watajifungulia majumbani mpaka watakapoona la kufanya, na kwamba kuna vijana wanasema zahanati ifungwe. Nilijua maana yake. Kwenye orodha ya wanaokaribia kujifungua kulikuwa na msichana mdogo mwenye mimba ya kwanza, na mama mmoja aliyewahi kutokwa damu nyingi uzazi uliopita. Kujifungulia nyumbani, kwa hao wawili, ni kucheza na kaburi.

Mkuu wa chuo alinipigia simu.

"Mwalimu Nyamizi, nimesikia. Warudishe wanafunzi leo. Nitawatafutia kituo Nzega."

"Mkuu, tukiondoka tutakuwa tumewaachia sindano na kisima."

"Hiyo ni kazi ya halmashauri."

"Halmashauri nimeiambia. Bwana afya wa kata anakuja. Lakini wanafunzi hawa wamekuja kujifunza uuguzi, na uuguzi wa wiki hii uko bondeni."

"Mwanafunzi akichomwa huko ni juu yako," alisema.

"Ni juu yangu," nikajibu. Na nilikuwa naogopa, msidhani sikuogopa.

Niliwakusanya wanafunzi kwenye baraza nikawaambia tunalisafisha bonde na tunachimba shimo jipya. Aliyesimama kwanza alikuwa Rehema. Alikuwa binti wa mjini, baba yake mfanyabiashara wa vitambaa anayeheshimika, na yeye ndiye aliyekuwa mbele ya wenzake katika kila somo. Alikuwa na mikono mizuri. Mtoto mchanga aliyelia mikononi mwa wengine alinyamaza mikononi mwake.

"Mwalimu, samahani," alisema. "Sisi hatukutupa hizo sindano. Tumekuja kujifunza kuzalisha. Kuchimba mashimo hata asiyesoma anaweza."

"Unajua shimo la taka za zahanati linatakiwa kuwa umbali gani kutoka kwenye chanzo cha maji?"

Akataja, sawasawa na kitabu.

"Chini yake kunatakiwa kuwa na nini?"

Akataja.

"Umewahi kuliona moja lililo hivyo?"

Akafikiri. "Hapana, Mwalimu."

"Basi na mimi sijaliona. Nenda kavae mabuti."

Bonde tuliligawa kwa kamba, kipande kwa kipande. Kila mmoja alikuwa na mabuti, glavu nene, na koleo ndefu za jikoni tulizoazima kwa akina mama wanaouza maandazi stendi ya Isikizya, ambao sijui mpaka leo kama walizitaka tena. Ilikuwa marufuku kuinama na kushika kitu kwa mkono. Ndoo ya kuokotea ilikaa chini, mtu hamshikii mwenzake ndoo, maana hapo ndipo watu wanapochomana. Tulifanya kazi asubuhi tu, jua likiwa pembeni, kwa sababu jua la pembeni linaonyesha kioo na chuma vizuri kuliko la utosini. Haya hayakuwa kwenye kitabu. Tuliyagundua siku ya kwanza na ya pili, na leo yamo kwenye mwongozo wetu wa mafunzo.

Wanakijiji walisimama juu ya mteremko wakitutazama. Hawakututukana. Afadhali wangetutukana.

Bwana afya alifika kwa pikipiki, akapima, na pamoja na mwenyekiti tukachagua mahali upande wa pili wa zahanati, juu, maji ya mvua yanakopita mbali. Tulipoanza kuchimba, asubuhi ile Mama Milembe akatokea na jembe begani. Alikuwa bado anakunywa dawa zile, na zilikuwa zinamtapisha. Uso ulikuwa umemsinyaa. Rehema akaacha kuchimba, akapiga magoti kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Kisha akanigeukia mimi. "Sijaja kuwasamehe. Nimekuja kuona mnachimba wapi."

Nikamwonyesha. Nikamweleza kina, na jinsi ya kusakafia chini kwa udongo wa kichuguu uliopondwa ukashindiliwa, na ukingo wa matofali utakaosimama juu ya ardhi maji yasiingie, na mfuniko, na uzio wenye kufuli. Nikamweleza kwamba sindano hazitaingia humo kabisa. Zitakaa kwenye masanduku yake mpaka gari la wilaya lizichukue zikachomwe kwenye kichomea cha joto kali.

"Na gari lisipokuja?"

"Ndiyo maana tunajenga chumba chenye kufuli cha kuyahifadhi."

"Na ufunguo anakaa nao nani?"

Sikuwa nimelifikiria. "Wewe ungependa akae nao nani?"

"Funguo ziwe mbili. Mmoja akae nao nesi. Mmoja akae nao mtu wa kamati. Mimi."

Ndivyo ilivyofanyika. Siku ile alichimba pamoja nasi mpaka adhuhuri, na alipokuwa anapumzika Rehema alimpelekea maji na kukaa naye. Sikuyasikia mazungumzo yao. Nilimwona tu Rehema akifuta macho kwa mkono wa shati, na Mama Milembe akimwambia kitu huku anatazama bondeni. Kesho yake wanawake wengine wanne walikuja na majembe. Kabla ya wiki kuisha wanaume walikuwa wameleta matofali kwenye mkokoteni wa ng'ombe.

Yule mama aliyewahi kutokwa damu alishikwa na uchungu tukiwa tunajenga uzio. Aliletwa na Mama Milembe mwenyewe, kwenye mkokoteni ule ule wa matofali. Alitokwa damu tena, kama tulivyohofia. Rehema ndiye aliyekuwa zamu na nesi wa kituo. Alikanda kizazi mpaka mikono ikafa ganzi, na gari la wagonjwa lilipofika kutoka Isikizya mama alikuwa bado anazungumza. Yeye na mtoto wake wa kiume walipona. Angekuwa nyumbani tungemzika.

Tuliporudi mjini nilikuwa nakwenda kijijini kila mara kipimo cha Mama Milembe kilipofika zamu yake. Haikuwa kazi yangu tena, lakini nisingeweza kufanya vingine. Cha mwisho kiliposomwa hana maambukizi, aliniomba nimsomee tena. Nikasoma tena. Kisha akasema, "Wanafunzi wako wapya watakuja lini?"

"Mwezi ujao."

"Kabla hujawapeleka wodini waletwe kwangu kwanza. Nitawaambia miezi hii niliilalaje."

Tangu hapo kila kundi jipya lilianzia kwake. Hakuwa na karatasi, hakuwa na picha. Alikaa kwenye kiti cha miti mbele ya zahanati, akavua kandambili, akawaonyesha unyayo. Kisha akawasimulia jinsi alivyokuwa analala mbali na wajukuu wake, akiwatengea vyombo, ingawa nesi alimwambia haina haja. Sikuwahi kumwona mwanafunzi anasinzia hapo.

Nikiwa na hilo mkononi nilirudi kwenye kikao cha chuo. Safari hii sikuomba kipindi. Niliomba kwamba katika mtihani wa vitendo, anayeshindwa kuhifadhi taka zake salama asifaulu, hata kama kila kitu kingine amekifanya vizuri. Walibishana nami mchana mzima. Mwenzangu mmoja alisema tutafelisha nusu ya darasa kwa ajili ya ndoo. Nikasema mwanafunzi anayemponya mgonjwa mmoja akamjeruhi mchota maji hajamaliza kazi, na sisi tunampa cheti tukijua. Mkuu wa chuo alikuwa amekwenda kuliona shimo kwa macho yake, na nadhani alikuwa pia amechoka kunikwepa kwenye korido. Akasema, "Ipitishwe. Tuone."

Tukaona mapema kuliko nilivyotaka.

Mtihani wa kwanza chini ya utaratibu huo ulikuwa ndio wa kumaliza chuo kwa kundi la Rehema. Alipewa jaribio la kuweka sindano ya mshipa na kutundika dripu. Alifanya kwa ufasaha ambao hata mimi nilitamani. Alimweleza mgonjwa anachofanya, akapata mshipa mara ya kwanza, akafunga plasta vizuri, akahesabu matone. Kisha kengele ikalia, akainama kumsitiri mgonjwa kwa shuka, akatoka. Sindano ilibaki kwenye trei, wazi, kando ya mkono wa mgonjwa. Sanduku la usalama lilikuwa chini ya meza, hatua moja kutoka pale.

Wasimamizi tulikuwa wawili. Mwenzangu alinitazama. Nilijaza kwenye fomu nilichokiona.

Jioni baba yake alikuja nyumbani kwangu Itetemia. Mzee mtaratibu, kanzu na kofia ya kazi ya mkono, amenizidi umri kwa mbali. Nilimwamkia, nikampa kiti na kahawa. Hakuja kugomba, na hilo lilinisumbua zaidi.

"Mwalimu," alisema, "binti yangu hajala tangu mchana. Amenieleza mwenyewe kosa lake, hakuficha. Mimi sielewi mambo yenu ya hospitali. Lakini nauliza kama mzazi. Huyu ndiye aliyechimba shimo lile kwa mikono yake. Alirudi nyumbani viganja vimechubuka. Huyu huyu mnamfelisha kwa taka?"

"Ndiyo, mzee wangu. Huyu huyu."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu kama yeye aliyeziokota sindano bondeni anaweza kuisahau moja, basi mwingine yeyote ataisahau. Nikimpitisha yeye kwa wema wake, mwaka ujao nitampitisha mwingine kwa machozi yake. Halafu utaratibu huu utakuwa umekufa, na mimi ndiye niliyeuua."

Alizungusha kikombe mkononi. "Atarudia?"

"Baada ya muda uliopangwa. Na mimi sitakuwa msimamizi wake, ili asije mtu akasema nimempendelea au nimemwonea."

Alimaliza kahawa. Akainuka, akanishukuru kwa kahawa, si kwa jibu. Rehema kwa miezi ile alinisalimu kwa adabu na kupita. Nilikuwa nampenda sana mtoto yule, na nililala vibaya kwa ajili yake. Lakini kila nilipojiuliza kama ningefanya tofauti nilijibu hapana, na najibu hivyo mpaka leo.

Alirudia, akafaulu, akapangiwa kazi Igunga. Alikaa kule miaka kadhaa. Alianzisha bustani ya miti nyuma ya kituo ili kuni za kuchemshia zisikatwe porini, na akawashawishi wakubwa wake waweke umeme wa jua kwenye friji ya chanjo na taa za chumba cha kujifungulia. Haya niliyasikia kwa watu, yeye hakuniandikia. Kisha akasoma zaidi, na siku moja nikamkuta kwenye chumba cha walimu chuoni kwetu, amepangiwa kufundisha. Aliinuka, akanipa kiti chake. Hatukuzungumzia mtihani. Tulizungumzia koleo za maandazi, tukacheka mpaka wenzetu wakageuka.

Miaka yangu ya mwisho tulifundisha pamoja. Tuliondoa kipindi cha Ijumaa, tukaliingiza somo ndani ya kila somo. Mwanafunzi akijifunza kufunga kidonda, anajifunza pia bandeji inakwenda wapi. Akijifunza chanjo, anajifunza chupa tupu zinahesabiwa na kurudishwa. Tulifundisha kutumia glavu pale zinapohitajika na kunawa pale zisipohitajika, maana kuna manesi wanaovaa glavu kujaza fomu. Tulifundisha kutochoma plastiki uwanjani hata kama ndiyo njia fupi, na tuliwachukua wanafunzi wakasimame upande moshi unakokwenda ili waone unaingia nyumba za nani.

Mtihani wangu wa mwisho kabla ya kustaafu ulikuwa mwaka huu. Sikuwa msimamizi, kwa sababu kati ya watahiniwa alikuwamo Kabula, mtoto wa mdogo wangu wa kiume kutoka Ziba. Niliruhusiwa kukaa nyuma ya chumba kama mwalimu anayeaga, mdomo umefungwa. Kabula amekaa nyumbani kwangu tangu alipoanza chuo. Ni mimi niliyemfundisha kushika mkasi.

Jaribio lake lilikuwa kusafisha kidonda. Alianza vizuri. Alinawa, akapanga vyombo, akaongea na mgonjwa kwa upole wa nyumbani kwao. Alipomaliza, akakusanya pamba zenye damu na usaha, akageuka, na kuzitia kwenye ndoo nyeusi. Ndoo ambayo mwisho wake ni dampo la mji, ambako watu wanaokota makopo. Ile ya njano ilikuwa pembeni yake.

Rehema ndiye aliyekuwa anasimamia. Niliiona kalamu yake ikisimama. Alijua Kabula ni nani kwangu, chuo kizima kilijua. Nilikuwa natazama mgongo wake, na nakiri moyo wangu ulitaka ageuke. Hakugeuka. Aliandika, akamwambia Kabula, "Asante, unaweza kwenda," kwa sauti ile ile aliyowaambia wengine wote.

Nyumbani nilimkuta Kabula jikoni, amekaa kwenye kigoda, hajawasha hata taa. Macho yalikuwa yamevimba.

"Shangazi, ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

"Na hukusema kitu."

"Sikusema."

"Mwalimu Rehema si mwanafunzi wako? Ungemwambia neno moja tu."

Niliwasha taa. Nikaweka sufuria ya ugali mezani, nikatenga na mlenda na maziwa ya mgando yaliyoletwa kutoka kwao Ziba, nikamnawisha mikono kama nilivyokuwa nikimnawisha alipokuwa mdogo, akija kwangu likizo. Maneno nilikuwa nayo mengi, ya miaka mingi, na nikaona hakuna hata moja litakaloshuka kabla ya chakula.

"Kula kwanza," nikamwambia.

Alikuwa bado kanuna. Kisha akakata tonge. Alikula polepole, halafu kwa njaa, mpaka sahani ikawa nyeupe. Akanawa, akajifuta uso kwa kanga yangu, akaniuliza marudio ni lini.